Shelta ya mbwa na paka ya Ahero inahama: maswali yenye tunaulizwa kila siku

Simu ni nyingi, meseji ni nyingi, na watu wa geti wamechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote hapa. Soma kwanza, ukibaki na swali njoo tuongee.

Kwani hapo mlipo kuna shida gani?

Maji. Ahero iko kwa uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu, na Kano ni kama sinia, mto Nyando unashuka na mvua ya Nandi na Londiani halafu ukifika huku hakuna mteremko wa kuusukuma hadi ziwani, unatapakaa tu. Ndio maana unaweza kuwa na jua mchana kutwa, watu wameanika mpunga kando ya barabara, halafu usiku maji yanaingia kwako na hakuna hata tone limenyesha. 2020 yaliingia, 2024 yakaingia tena. Ukija leo utaona mstari wa matope kwa ukuta wa kenel, yaani vyumba vya mbwa, uko juu ya bawaba ya chini ya mlango. Ile milango ni ya mbao, ilivimba ikashikana na fremu ikakataa kufunguka, ikabidi tung'oe makomeo na nyundo gizani mbwa wakiwa ndani wamesimama kwa miguu ya nyuma wameng'ang'ania waya. Mbwa mmoja mama na watoto wake tulimweka juu ya paa la banda la kuku akakaa huko mpaka asubuhi.

Na maji yakienda hayaendi na shida zake. Mkojo wa panya unabaki kwa matope, na huo ndio unaleta leptospirosisi, ugonjwa wenye unaua mbwa na unaweza kushika binadamu pia. Wafanyikazi wetu wanafagia hayo matope.

Si mngejenga ukuta ama mwinue sakafu?

Tuliuliza fundi. Udongo wetu ni ule mweusi wa kunata, ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia kwa ufa, kwa hivyo ukuta ukiusimamisha juu yake bila kuchimba huo udongo wote utoke na kujaza mawe na maramu, utaanza kupasuka na wenyewe. Hiyo kazi inakaribia bei ya kujenga upya mahali pengine. Halafu hata kingo zenye serikali ilijenga mtoni zimekuwa zikipasuka, sasa ukuta wetu wa matofali utafanya nini.

Mnahamia wapi?

Upande wa Awasi, barabara ya Kericho, kwenye ardhi imeanza kuinuka. Mahali kamili hatutasema mpaka karatasi zikamilike, sababu ukitangaza shamba kabla ya kulipa bei inapanda na madalali wanajaa, hiyo kila mtu anajua.

Mbona mnachukua muda hivyo kupata shamba? Plot ziko kila mahali.

Ziko, ndio. Kuna broka alitupeleka kuona plot safi, nyasi kijani, bei poa, mwezi wa kwanza kila kitu kimekauka. Mzee mmoja jirani akatuita kando akatuonyesha mti, taka zilikuwa zimenasa kwa matawi juu ya vichwa vyetu. Hiyo ni alama ya maji. Pia ilikuwa karibu sana na mto, na sheria inataka uache nafasi kutoka ukingoni, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na mto wenyewe. Sasa hatuangalii shamba lolote kabla ya kuuliza wazee wa hapo maji ya 2020 na ya 2024 yalifika wapi.

Ukipita hapo kuna karatasi. Lazima tufanye sachi kwa ofisi ya ardhi tujue mwenye shamba ni nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Kama ni shamba la kilimo, kuuziana kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya mtaa, ile ya Sheria ya Land Control, bila hiyo mkataba wenu ni karatasi tu. Mwenye ameandikwa kwa hati akiwa ameshakufa na watoto hawajamaliza mambo ya urithi kortini, sisi tunatoka mbio hata kama watoto wote wanatabasamu na wamekupikia chai. Kisha kuna kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kaunti, na ripoti ya mazingira ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Hakuna hata moja ya hizo inafanyika kwa wiki moja.

Mnanunua ama mnakodi?

Tunataka kununua. Kwa kukodi ndio tumefika hapa. Ikibidi tukodi itakuwa lisi ndefu na iliyosajiliwa, sababu ukijenga kenel na tanki na septiki kwa shamba la mtu kwa mkataba wa miaka 2, umemjengea yeye. Na shamba halitaandikwa jina la mwenyekiti wala la mimi mwenye naandika hapa, litaandikwa kwa wadhamini kwa niaba ya kikundi. Mtu akifa ama akikosana na wenzake, mbwa wasifukuzwe na warithi wake.

Kaunti si iwasaidie?

Inafaa, na si kwa hisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, namba 6, linasema udhibiti na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti, na linataja kabisa leseni za mbwa na mahali pa kuweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Watu wengi hawajui hii kitu. Kwa hivyo tukienda kwa ofisi ya kaunti tunaenda kuwakumbusha kazi yao.

Lakini pesa ya kaunti iko na kalenda yake na ukiikosa unangoja mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa matumizi kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, halafu mwaka mpya wa pesa unaanza 1 Julai. Ukienda kulia kwa MCA, mwakilishi wa wodi, mwezi wa tano mambo yameshapikwa na kuiva. Penye tunahitaji nyinyi ni kwa vikao vya maoni ya wananchi, vile huwa vinaitwa kwa ukumbi wa wodi na wanakuja watu wachache na soda. Njooni mjaze, msimame mmoja mmoja mseme shelta, mhakikishe mwandishi ameandika. Kikao chenye barabara imetajwa mara nyingi na shelta haijatajwa hata mara moja, unajua pesa itaenda wapi.

Na CDF?

Hapana. NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni ya kazi za serikali kuu, kama madarasa na vituo vya polisi. Wanyama ni kazi ya kaunti, kwa hivyo hata mheshimiwa akipenda mbwa namna gani hiyo mfuko haiwezi kutumika hapa kisheria. Anaweza kutoa ya mfuko wake mwenyewe, hatutakataa.

Kwa nini mnaomba ahadi za kila mwezi badala ya kufanya harambee moja kubwa tumalize?

Hili ndio swali naulizwa sana kuliko yote, na ndilo naomba usome pole pole.

Harambee ni tamu. Kuna tenti, kuna mgeni wa heshima, watu wanapiga picha wakibeba mfuko wa simiti, na jioni mmepata pesa ya kujenga. Sisi hatuna shida na kujenga, kusema kweli pesa ya kujenga huwa inapatikana kwa sababu mtu akitoa anaona ukuta na anaweza kuuonyesha watoto wake. Shida ni mwezi wa nne baada ya kufungua, wakati hakuna mtu anakuja na mgeni wa heshima amebadilisha namba, na wale mbwa bado wanataka kula asubuhi na jioni. Unga ni kila siku. Mishahara ya watunzaji ni kila mwezi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka kwa kila mbwa. Maji, sabuni, dawa ya kupe, dawa ya minyoo, petroli ya kwenda kuchukua mbwa amegongwa barabarani saa tano usiku. Hizo hakuna mtu anazipigia picha.

Na mahali pakubwa panaleta mbwa zaidi. Watu wakisikia mmejenga, wanaleta. Asubuhi unakuta katoni kwa geti. Kwa hivyo gharama yenyewe inapanda siku mmefungua, ukiwa na jengo jipya na akaunti tupu, na hapo ndio shelta nyingi huanza kupunguza chakula kidogo kidogo, halafu chanjo, halafu mfanyikazi mmoja, mpaka inakuwa mahali pa mateso palipojengwa vizuri.

Kwa hivyo tumeamua hivi, na kuna wenzetu hawajafurahia: hatuhami mpaka ahadi za kila mwezi zitoshe chakula na mishahara, na juu ya hiyo kuwe na pesa ya miezi sita imekaa benki haiguswi. Watu 300 wakitoa 200 kila mwezi hiyo ni 60,000. Mimi nachukua hao watu 300 kuliko mtu mmoja wa laki mbili wa siku moja, ingawa wa laki mbili pia karibu. Kwa simu kuna M-Pesa Ratiba, unaweka mara moja inajituma yenyewe tarehe umechagua, na siku umefulia unaizima bila kutuambia na hakuna mtu atakupigia.

Bajeti ya ujenzi iko wapi?

Imebandikwa kwa geti, na kwa kila kazi kubwa kuna kwoteshoni tatu. Hapa niseme tu mpangilio: kwanza fensi na maji, halafu chumba cha kutenga wagonjwa na wageni, halafu kenel, halafu chumba cha upasuaji, ofisi mwisho kabisa. Kuna mtu aliuliza mbona fensi inakula pesa hivyo. Mbwa anachimba. Waya lazima uingie chini ya ardhi ama uwekewe saruji chini, la sivyo umenunua pambo.

Sakafu ya kenel ni slabu yenye mteremko kwenda kwa mfereji, ili ukimwaga maji asubuhi uchafu uende wenyewe. Huku kwetu shimo la kunyonya maji machafu halinyonyi, ule udongo mweusi unashika maji kama hautaki kuyaachilia, hiyo ni sababu nyingine ya kupanda juu.

Nitajuaje pesa hailiwi?

Swali zuri na usiogope kuliuliza kwa mtu yeyote. Pesa zote zinapitia paybill ya kikundi, hakuna namba ya mtu binafsi, na ukiambiwa "tuma kwa hii yangu paybill imeharibika" hiyo ni wizi hata kama anayekuambia ni mimi. Kutoa benki kunahitaji sahihi tatu. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa, na risiti ziko kwa faili unaweza kuja kupekua. Kama unataka kutuma kubwa, kumbuka M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, tumia benki.

Watu wanalala njaa hapa Nyando na nyinyi mnalisha mbwa?

Nimeulizwa hii kanisani, sokoni, na kwa matanga. Jibu langu ni kuwa chanjo ya mbwa ni afya ya watu. Karibu ugonjwa wote wa kichaa cha mbwa kwa binadamu duniani, mpaka asilimia 99, unatoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Wanaoumwa sana ni watoto. Kenya iliweka mpango wa kumaliza kifo cha kichaa kufikia 2030, ulianza 2014, na Kisumu ilikuwa kati ya kaunti tano za kwanza, pamoja na Siaya, Makueni, Kitui na Machakos. Ili ugonjwa ukatike inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Mbwa wa mtu anaweza kupelekwa na mwenyewe, sasa yule wa soko atapelekwa na nani? Sisi ndio tunamshika.

Na kwa kuwa umefika hapa: mtu akiumwa na mbwa osha kidonda hapo hapo na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 za saa si za kukisia, halafu hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala nywele za huyo mbwa.

Si mngewaua tu wale wa mitaani yaishe?

Haiishi. Ukiua wa hapa wanakuja wa pale, sababu kilichowaleta ni taka za soko na mabaki ya vichinjio na bado vipo. Na sumu haichagui, unaua na wale wameshachanjwa, yaani unatupa kinga uliyolipia, halafu mbuzi ama kuku wa mtu anaokota ile nyama. Kinachopunguza ni kuhasi dume, kufunga kizazi jike, kuchanja, na kuzoa taka. Jike anabeba mimba karibu siku 63, piga hesabu mwenyewe.

Nyinyi mnaua?

Mnyama mwenye hawezi kupona na anateseka, ndio, analazwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi, kwa sindano, na inaandikwa kwa kitabu. Kwa sababu ya kukosa nafasi, hapana. Ndio maana kuna siku tunasema tumejaa na watu wanakasirika.

Majirani wapya wamekubali?

Baraza lilifanyika mbele ya chifu na halikuwa tamu. Mama mmoja alisema wazi hataki kelele, mwingine akauliza kinyesi kitaenda kwa kisima cha nani. Walikuwa sawa kuuliza. Tumekubaliana kenel zisiangalie nyumba za watu, kuwe na miti na ukuta upande huo, chakula cha jioni kitolewe mapema kabla ya giza manake mbwa mwenye njaa ndio anabweka sana, na siku moja kwa mwezi iwe ya kuchanja mbwa wa kijiji bure. Hiyo ya mwisho ndio ilibadilisha kikao, watu waliacha kuuliza mabaya wakaanza kuuliza itakuwa siku gani.

Naweza kuleta chakula badala ya pesa?

Leta. Chenga za mchele kutoka kwa mashine za hapa Ahero tunapika kila siku, unga wa posho mill, omena ile ya vumbi, matumbo. Mgongo wazi pia, ile mifupa ya mbuta ikishatolewa minofu, lakini sisi tunauchemsha kwanza mpaka mifupa ilainike na tunaponda, ule mfupa mkavu unaweza kukwama kooni. Usilete mabaki ya hoteli yenye vitunguu na chumvi nyingi, kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka. Magazeti, mablanketi ya zamani, sufuria kubwa, ndoo, vyote vina kazi. Nguo za kuvaa hapana, tumejaa.

Siku ya kuhama mtawabebaje wote?

Kwa kenta na mapikapu ya kuazima, kuanzia alfajiri kabla ya jua kuwaka. Asubuhi hiyo hawalishwi, wanapewa maji, sababu mbwa mwenye ameshiba kwa gari atakutapikia mpaka Awasi. Wenye wamezoeana wanasafiri pamoja, wakali peke yao, wagonjwa wanaenda na daktari, wenye watoto wachanga wanakuwa wa mwisho kabisa. Paka kila mmoja kwa katoni ama kreti yake, na wakifika wanafungiwa ndani wiki mbili tatu, ukimwachilia paka siku ya kwanza ataanza safari ya kurudi Ahero kwa miguu.

Tunalenga Januari ama Februari, kabla ya mvua ya Machi. Tukikosa hapo hatutalazimisha, barabara ya kuingia ikishalowa kenta haipiti.

Punda mnachukua?

Kutibu ndio, kuweka hapana kwa sasa. Punda wa mchanga na wa maji wanakuja na vidonda vya mgongo, tunaosha, tunapaka dawa, tunaongea na mwenyewe kuhusu pedi ya chini ya matandiko. Kumpiga ama kumbebesha kupita kiasi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, lakini tukianza na polisi mwenye punda hatarudi tena na punda hatatibiwa.

Nataka mbwa wa kulinda boma, mnatoa?

Tunatoa akiwa amechanjwa na kuhasiwa. Tutakuja kuona boma kwanza. Kama mpango wako ni kumfunga mnyororo mchana na usiku tutakunyima na tutakuambia sababu.

Mahali pa zamani patakuwaje?

Panarudi kwa mwenyewe. Mabati, milango, tanki na waya ni vyetu, tunaving'oa tunaenda navyo. Kuta zinabaki.

Nimepata mbwa amegongwa leo, nilete wapi?

Hapa hapa Ahero, mpaka utakaposikia tumehama. Mfunge mdomo na kitambaa kabla ya kumbeba hata kama anaonekana mpole, maumivu yanafanya mbwa yeyote aume, lakini kama anatapika ama anapumua kwa shida usimfunge, mviringishe kwa blanketi. Mlaze kwa ubao ama gunia lililonyooka, usimwinue kwa miguu. Usiku gonga geti dogo la upande wa mfereji, lile kubwa mlinzi halisikii.